Muhogo Mchungu Unataka Muda

Chukua mzizi mmoja wa muhogo mchungu, umenye, kisha uupasue katikati. Nusu ya kwanza ianike juani kama ilivyo mpaka ikauke iwe kopa. Nusu ya pili ikune au uiponde kwanza, halafu nayo uianike. Baada ya siku chache zote mbili zimekauka, zote nyeupe, na ukizisaga hutaweza kutofautisha unga wake kwa macho. Lakini katika lile kopa imebaki robo, pengine theluthi, ya sumu iliyokuwamo kwenye muhogo mbichi. Katika nusu iliyopondwa imebaki chini ya asilimia 5. Shamba ni lile lile, jua ni lile lile, mzizi ni ule ule. Tofauti yote imeletwa na protini moja iliyomo ndani ya muhogo wenyewe. Katika nusu ya pili protini hiyo ilipata nafasi ya kufanya kazi yake, katika nusu ya kwanza haikupata.

Protini za namna hiyo tunaziita vimeng'enya. Zimo katika mate yetu, katika ini, katika damu, katika kila seli ya kila kiumbe kilicho hai, na bila hizo hakuna uhai. Ningeweza kueleza kazi yake kwa mfano wa mate yanavyovunja wanga wa chakula kinywani, kama wafanyavyo walimu wengi shuleni. Nimechagua muhogo kwa sababu moja: kuna watoto Msumbiji, Kongo na hapa Tanzania ambao miguu yao imekakamaa maisha yao yote, na ukiifuata habari yao mpaka mwisho unakikuta kimeng'enya kilichonyimwa muda.

Tuanze shambani. Muhogo hauwezi kukimbia mdudu wala panya, kwa hiyo umejiwekea ulinzi. Ndani ya seli zake, kwenye vifuko vya maji vinavyoitwa vakuoli, muhogo huhifadhi kitu kiitwacho linamarini. Ni sukari ya glukosi iliyofungwa pamoja na kipande chenye sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo, linamarini haiudhuru mmea hata kidogo. Kimeng'enya kinachoweza kuifungua, yaani linamarasi, hakikai pamoja nayo. Kipo pembeni, kwenye ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi haviguswani. Mnyama akiuma mzizi, au jembe likiujeruhi, kuta zinapasuka, vifuko vinamwagika, na kimeng'enya kinakutana na linamarini. Sukari inaachana na mwenzake, kipande kilichobaki kinavunjika kuwa asetoni na hidrojeni sianidi, na mlaji anakutana na sumu mdomoni.

Mihogo mitamu ina kiasi kidogo cha sumu hiyo, kwa kawaida chini ya miligramu 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Mihogo michungu inaweza kuwa na miligramu mia kadhaa, na mwaka wa ukame kiasi hicho hupanda zaidi. Na bado wakulima wanaupanda mchungu kwa hiari yao, wakijua wanachofanya. Nguruwe pori na nyani hawaupendi, mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani, unavumilia udongo uliochoka na unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukingoja siku ya njaa. Nasema hili mapema kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wa mjini wakiuliza kwa nini wakulima wasiache tu kupanda sumu. Mwenye kuuliza hivyo hajawahi kulinda shamba usiku.

Sasa tuingie ndani ya kimeng'enya chenyewe. Swali la kujiuliza ni hili: kama linamarini inaweza kuvunjwa na maji, kwa nini haivunjiki yenyewe? Muhogo umejaa maji.

Jibu ni kwamba kifungo baina ya sukari na mwenzake kina ukaidi wa ajabu. Ili kikatike, lazima kwanza kivutwe na kupindwa mpaka kifike katika umbo la mkazo mkubwa, umbo ambalo hakiwezi kudumu nalo. Molekuli ndani ya maji zinagongana wakati wote, lakini ni nadra mno kupatikana mgongano wenye nguvu ya kutosha kukifikisha hapo. Mwaka 1998 Richard Wolfenden na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha makadirio ya muda ambao vifungo vya sukari vya aina inayojenga selulosi ya mimea vingeuchukua kukatika vyenyewe, katika maji ya kawaida kwenye joto la kawaida. Ili nusu yake tu ikatike, walikadiria, ingehitajika kama miaka milioni 5. Vimeng'enya vinavyohusika na vifungo hivyo hukata kimoja baada ya kingine, vingi ndani ya sekunde moja.

Kinachofanyika ni hiki. Kimeng'enya ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja na kujipinda mpaka ukapata umbo maalumu, na katika umbo hilo kuna mfuko mdogo. Linamarini inaingia humo na kushikwa kila upande. Ndani ya mfuko, katika nafasi zilizopimwa barabara, kuna asidi glutamiki mbili. Moja inatoa chembe ya hidrojeni kwa oksijeni iliyoko kwenye kile kifungo, na hapo kifungo kinalegea. Nyingine inaidaka sukari na kushikana nayo kwa kitambo kifupi mno. Kipande chenye sianidi kinaondoka. Kisha molekuli ya maji inaingia, inaichomoa sukari, na kimeng'enya kinabaki kama kilivyokuwa mwanzo, tayari kupokea linamarini nyingine.

Naomba tusipite haraka hapa, maana ndipo penye kiini cha somo lote. Kimeng'enya hakikuongeza joto. Hakikuleta nguvu kutoka nje. Hakikubadilisha kitakachopatikana mwishoni, kwani maji yangefikia matokeo yale yale kama yangepewa muda usio na kikomo. Kilichofanya ni kulishikilia lile umbo la mkazo na kulituliza, mpaka nguvu inayohitajika kulifikia ikapungua sana. Migongano ya kawaida, ile inayotokea mara nyingi mno kila sekunde, sasa inatosha. Na kwa kuwa kimeng'enya chenyewe hakiliki katika kazi hiyo, kiasi kidogo sana kinahudumia kiasi kikubwa sana cha linamarini. Kasi yake inategemea kazi gani. Katika chembe nyekundu za damu yako kuna kimeng'enya kinachounganisha hewa ya kaboni dioksidi na maji ili damu iweze kuibeba mpaka kwenye mapafu, na molekuli moja tu ya kimeng'enya hicho inaweza kufanya kazi hiyo kama mara milioni moja kwa sekunde.

Kwamba mfuko huo unachagua kinachoingia, hilo lilitambuliwa kabla hata ya watu kujua kuwa vimeng'enya ni protini. Na inanifurahisha kwamba lilitambuliwa kwa msaada wa ndugu wa karibu wa kimeng'enya cha muhogo. Lozi chungu nazo zina sianidi iliyofungwa kwenye sukari, na mwaka 1837 wanakemia wawili Wajerumani, Friedrich Wöhler na Justus Liebig, walionyesha kwamba ndani ya lozi hizo kuna kitu, wakakiita emulsini, chenye uwezo wa kuifungua sumu hiyo. Miaka mingi baadaye mwanakemia Emil Fischer alitengeneza misombo miwili ya glukosi iliyofanana karibu kwa kila hali, isipokuwa upande ambao kipande kimoja kilielekea. Kimeng'enya cha hamira kilivunja mmoja na kuuacha wa pili. Emulsini ilifanya kinyume chake. Mwaka 1894 Fischer aliandika kwamba kimeng'enya na kitu kinachokifanyia kazi lazima vioane kama kufuli na ufunguo, na kauli hiyo ingali inafundishwa. Leo tunajua kwamba kufuli hili ni laini, linajibana kidogo ufunguo unapoingia, lakini Fischer aliona ukweli bila kuwa na chombo chochote cha kumwonyesha umbo la protini.

Kutokana na maelezo hayo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza yenyewe. Kimeng'enya kinahitaji maji, kwa sababu maji ni sehemu ya kazi yake na pia ndiyo njia ambayo vitu viwili vinakutana. Ndiyo maana muhogo ulioanikwa mzima unabaki na sumu: maji yanaondoka mapema, seli nyingi zikiwa hazijapasuka, na kimeng'enya na linamarini vinakauka kila kimoja mahali pake. Joto la jua linasaidia, kwani molekuli zinagongana kwa kasi zaidi. Joto la maji yanayochemka linaua, kwa sababu ule mnyororo uliojikunja unafumuka na mfuko unapotea. Linamarini yenyewe lakini inastahimili kuchemshwa. Kwa hiyo muhogo mchungu uliotumbukizwa mzima katika maji yanayotokota umempoteza mtumishi wake kabla hajaanza kazi, na sehemu kubwa ya sumu inakuwa bado imefungwa ndani, ikingoja.

Fikiria kisamvu sasa. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi, lakini yana kimeng'enya kingi pia. Mama anayeyatwanga kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa anapasua mamilioni ya seli na kuvikutanisha viwili hivyo. Hidrojeni sianidi inayotoka huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, ambalo ni joto la siku ya kawaida pwani, kwa hiyo inapaa hewani yenyewe, na iliyobaki inafukuzwa na moto wakati chungu kiko wazi. Kutwanga kwanza, kuchemsha baadaye: utaratibu huo ni sahihi kikemia kwa kila hatua. Mwenye haraka anayechemsha majani mazima kwanza ndipo ayasage ameupindua, na asipomwaga yale maji ya kwanza amejinyima faida yote.

Katika Kongo, vyakula viitwavyo bukari na chikwanga hutokana na mizizi iliyolowekwa mtoni au dimbwini kwa siku tatu au zaidi. Bakteria wanailainisha, kuta zinalegea, kimeng'enya kinafanya kazi kwa utulivu, na sumu inayobaki baada ya kuanika ni asilimia 1 hadi 3 tu. Kanda ya Ziwa kwetu mizizi huvundikwa kwa siku kadhaa mpaka iote ukungu, ikaparuzwa na kuanikwa ikawa udaga. Njia hii inapunguza sumu zaidi kuliko kuanika peke yake, ingawa haifikii kuloweka. Muhogo ulifika Afrika kutoka Amerika ya Kusini ukiletwa na Wareno katika karne ya 16. Kila jamii ilibidi itafute njia yake ya kuufanya chakula, na waliozitafuta kwa sehemu kubwa ni wanawake. Naiheshimu kazi hiyo kama ninavyoiheshimu ya maabara yoyote.

Lakini inakuwaje pale sumu inapoingia mwilini? Hapa tunakutana na vimeng'enya vingine viwili, vya kwetu wenyewe. Cha kwanza ndicho kinachoshambuliwa. Ndani ya seli zetu kuna kimeng'enya chenye madini ya chuma kinachoikabidhi oksijeni tunayovuta hatua ya mwisho ya kuunguza chakula. Otto Warburg, Mjerumani aliyekichunguza, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Sianidi inakwenda moja kwa moja kwenye chuma hicho na kukikalia. Oksijeni imejaa kwenye damu, lakini seli haiwezi kuitumia. Ndiyo sababu kipimo kikubwa huua ndani ya dakika chache.

Cha pili ndicho kinachotuokoa. Kinaitwa rodanesi, na kipo kwa wingi kwenye ini. Kinaichukua sianidi, kinaipachika salfa, na kuigeuza kuwa kitu chenye sumu ndogo mno ambacho kinatoka na mkojo. Kwa mtu anayekula vizuri, rodanesi inamaliza kiasi kidogo cha kila siku bila yeye kuhisi lolote. Lakini salfa hiyo lazima itoke mahali, na inatoka kwenye protini za chakula: samaki, nyama, mayai, na kwa kiasi fulani maharage. Anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni bila kitoweo ana kimeng'enya kizima kisicho na cha kufanyia kazi. Kasi yote niliyoieleza haimsaidii, kwa kuwa hata kimeng'enya chepesi kuliko vyote hakiwezi kupachika salfa isiyokuwepo.

Hapo ndipo unapozaliwa ugonjwa wa konzo. Hutokea kwa watu ambao kwa wiki nyingi wameishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, pamoja na uhaba wa protini. Mtoto aliyelala mzima anaamka miguu ikiwa mizito. Kwa saa au siku chache tu imekakamaa, magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole au hatembei kabisa. Ugonjwa hauendelei kuwa mbaya zaidi baada ya hapo, wala haurudi nyuma. Waathirika wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 katika eneo la Kwango, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali katika jimbo la Nampula, Msumbiji, walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Miongoni mwa madaktari waliouchunguza mlipuko ule alikuwa Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa maelezo yake ya takwimu. Kwetu Tanzania ulipiga Tarime mwaka 1985, tena mwaka wa ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukapiga Mtwara na Mbinga. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ni mmoja wa waliouandama ugonjwa huu kijiji kwa kijiji.

Na chanzo chake karibu kila mara ni muda uliokatwa. Katika Bandundu, Kongo, barabara ya lami iliyofika miaka ya 1970 iliwafungulia wakulima soko la Kinshasa. Muhogo ukawa fedha, malori yakawa yanasubiri, na siku tatu za kuloweka zikawa siku moja. Huo ni uamuzi wa watu wenye akili timamu waliohitaji fedha ya dawa na ada. Katika ukame wa Nampula, watu wenye njaa walikula makopa yaliyoanikwa siku chache tu. Huwezi kumwambia mzazi ambaye chungu chake ni kitupu angoje mpaka wiki ijayo. Ninapowasikia wataalamu wakisema tatizo ni ujinga, nakataa. Watu hawa wanaujua muhogo wao kuliko sisi. Wakati wa dhiki muda ni bidhaa adimu kama vilivyo vingine vyote, na kimeng'enya hakina namna ya kufanya kazi bila huo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yameweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga wa muhogo. Katika vijiji vya Msumbiji miaka ya mvua haba, unga umepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 100. Kipimo kinachotumika vijijini nacho kinategemea kimeng'enya: unga unawekwa kwenye kichupa pamoja na maji na kikaratasi chenye linamarasi ya ziada, sumu yote inafunguliwa, na karatasi ya pili ya manjano inageuka kahawia kadiri sianidi ilivyo nyingi. Kiliundwa na Howard Bradbury na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra.

Bradbury huyo huyo mwaka 2006 alichapisha jambo ambalo nataka kila anayenisikiliza akiwa kwenye eneo la muhogo mchungu alijue leo. Aliuliza: unga uliokwisha sagwa, wenye sumu, unaweza kuokolewa? Katika unga mkavu linamarini imebaki, lakini kimeng'enya nacho kimebaki, kimekauka tu. Kusaga kumekwisha vunja kuta. Kinachokosekana ni maji. Ukirudisha maji, kazi iliyokatizwa inaendelea pale ilipoachwa, na kiasi cha sumu kinashuka mara tatu hadi sita.

Namna ya kufanya ni hii. Weka unga kwenye beseni, utikise utulie, kisha uweke alama pembeni mahali unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Mwanzoni unga utanywea na kushuka chini ya alama. Endelea kuongeza mpaka urudi kwenye alama ile ile, uwe rojo zito. Utandaze kwenye mkeka au turubai, tabaka jembamba lisilofika unene wa sentimita moja, ili hewa ya sumu iweze kutoka. Uache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5, mbali na watoto na mifugo. Baada ya hapo usonge ugali wako kama kawaida.

Mtafiti Jean-Pierre Banea na wenzake waliipeleka njia hii katika kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya afya ya Popokabaka, katika lile lile eneo la Kwango. Wanawake wa kijiji walifundishwa, wakaifanya kila siku, wakafuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi hicho. Haikuhitaji dawa, mashine wala mbegu mpya. Ilihitaji beseni, maji, mkeka, na mtu wa kuwaambia. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji au mtangazaji wa redio, na sioni sababu ya jambo hili kutosemwa kila msimu wa kiangazi, Masasi, Newala, Tarime, Mbinga, na kila mahali makopa yanapoanikwa.

Wanawake wa huko walisema pia kwamba ugali wake una ladha nzuri zaidi. Hilo si la kushangaza, kwani linamarini yenyewe ni chungu, na ikivunjwa uchungu unaondoka nayo. Jambo moja tu la kuangalia: unga uliokwisha loweshwa hauwekwi akiba, utachacha. Lowesha unaotosha chakula cha siku hiyo, na uupike siku hiyo hiyo.